Masta ya uhandisi nje ya nchi: MSc, MEng, M.Tech… ipi inasimama nikirudi Dar?

Nondo_Kimara

Wakuu, habari za jioni, na shikamooni wote mlionitangulia.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Shahada ya kwanza nimesoma Mlimani miaka minne, nimetoka na GPA ya 3.9. SEAP, ile programu ya mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu, nimemaliza, na sasa niko ofisi moja ya wahandisi washauri huku Mikocheni, upande wa madaraja na makalavati. Nataka kusoma masta ya miundo. Nafasi nimepata tatu, lakini kila moja imekuja na jina lake na muda wake mpaka nimechanganyikiwa.

Ujerumani wamenipa MSc ya miaka miwili, krediti 120, inafundishwa kwa Kiingereza. Uingereza ni MSc ya mwaka mmoja, krediti 180 za kwao, na ada nitalipa nusu. India ni M.Tech (masta ya teknolojia) ya miaka miwili kwa ufadhili wa serikali yao, ule wa ICCR.

Sasa kuna wakala mmoja wa vyuo vya nje hapa mjini amezikataa zote tatu. Anasema kama kweli mimi ni mhandisi nichukue MEng (masta ya uhandisi) ya Uingereza ya miaka minne, eti hiyo ndiyo masta kamili ya uhandisi, hizo MSc ni za watu wa maabara. Mzee wangu, mstaafu wa reli, amemsikia na yuko tayari kuuza kiwanja cha Kibamba anilipie. Nauliza kabla mnunuzi hajapatikana.

TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) watazilinganishaje hizi? ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) zitanisaidia nini? Na kama huko mbele nataka kufundisha chuo, ile ya mwaka mmoja haitanifungia mlango? Naomba kuwasilisha.

---

Zege_Bichi

Ujerumani mkuu, usiwaze mara mbili. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada. Wanachotaka ni uweke pesa ya kujikimu kwenye akaunti ya zuio, sasa hivi ni euro 11,904 kwa mwaka, wanakuachia 992 kila mwezi. Angalia tu jimbo, maana Baden-Württemberg tangu 2017 wanawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Huyo wakala mkimbie.

---

Mama_Vipimo

Marahaba mwanangu Nondo. Mwambie mzee wako kiwanja kisiuzwe, halafu usome haya taratibu.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandaa zabuni za usanifu na usimamizi wa ujenzi. Mimi ndiye ninayekusanya wasifu na vyeti vya wataalamu tunaowaweka kwenye zabuni: Wahindi, Wajerumani, Wakenya, Wafaransa, na vijana wetu waliosoma kila pembe. Kila cheti lazima nijue kinalingana na nini, kwa sababu nikikosea kampuni nzima inakatwa alama. Kwa hiyo nikuambie ninavyovisoma.

Naanza na huyo wakala kwa sababu hapo ndipo penye hatari. MEng ya Uingereza ni shahada ya kwanza iliyounganishwa na masta. Anayeingia ni kijana aliyetoka sekondari ya juu, sawa na kidato cha sita chetu. Anasoma miaka minne, Scotland mitano, anatoka na MEng bila kushika BEng, yaani shahada ya kwanza ya uhandisi, katikati. Kwao ina maana kubwa: anayetafuta usajili wa Chartered Engineer, daraja lao la juu la mhandisi, anatakiwa awe na elimu ya ngazi ya masta, na MEng yenye ithibati inamfikisha hapo kwa mkupuo mmoja. Lakini wewe una miaka minne ya Mlimani tayari! Ukiingia humo unaanza upya na hesabu za mwaka wa kwanza na statiki, unalipa ada ya mgeni miaka yote minne, halafu unatoka na tuzo ya ngazi ya 7 ya Uingereza. MSc ya mwaka mmoja uliyokwisha kupewa nayo ni ngazi ya 7 ya Uingereza. Ngazi ile ile. Kiwanja kimekwenda bure na miaka mitatu imekwenda bure. Sijui wakala anapata nini kwa kukupeleka huko, ila wewe hupati kitu.

Hapo hapo niseme jambo linalowasumbua sana maafisa utumishi wetu. Ngazi ya 7 ya Uingereza si ngazi ya 7 yetu. Kwenye mfumo wa tuzo wa Tanzania shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, masta ni 9, uzamivu ni 10. Kijana anarudi na karatasi imeandikwa 7, anaambiwa ana stashahada ya juu. Barua ya TCU ya kutambua tuzo ndiyo inayomaliza ubishi huo, na ndiyo sababu nasisitiza kila anayerudi aiombe mapema, asisubiri mpaka atangaziwe kazi.

Sasa usiondoke ukidhani MEng zote ziko hivyo. Afrika Kusini MEng unaingia ukiwa na BEng ya miaka minne, na mara nyingi ni ya utafiti. Canada ni kinyume chake: MEng ni ya masomo ya darasani, na anayetaka utafiti na tasnifu anachukua MASc, masta ya sayansi tumizi. Marekani MEng kwa kawaida ni ya darasani, na MS yao, ambayo mara nyingi ni krediti 30 hivi, unaweza kuikuta na tasnifu au bila tasnifu chuo kile kile. India M.E. na M.Tech ziko ngazi moja, miaka miwili juu ya shahada ya miaka minne, na mwaka wa pili karibu wote ni mradi. Hata hapa kwetu DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wanatoa masta inayoitwa MEng. Kwa hiyo mtu akiniletea cheti cha MEng siulizi jina. Nafungua transkripti niangalie aliingia na nini, alikaa muda gani, na kama kuna tasnifu imechukua krediti ngapi katika jumla. Mambo hayo matatu yakionekana, nchi yoyote inasomeka.

Nikupe mfano wa hasara inayotokea yasipoonekana. Tulikuwa na zabuni ya barabara, kiongozi wa timu Mjerumani, mtu mzima, madaraja aliyosanifu huyamalizi kuyahesabu. Cheti chake kimeandikwa Diplom-Ingenieur. Mtathmini akaona neno Diplom akamhesabu mtu wa stashahada, akamnyima alama za masta. Ile Diplom ya chuo kikuu cha Ujerumani ilikuwa ya miaka mitano na inalingana na masta. Iliyokuwa karibu zaidi na shahada ya kwanza ni ile ya Fachhochschule, vyuo vyao vya sayansi tumizi, na hiyo inajionyesha kwa herufi FH kwenye mabano mwishoni. Baada ya makubaliano ya Bologna ya 1999 vyuo vyao vingi vilihamia bachela na masta, ingawa Dresden mpaka leo Diplom ipo. Tulipeleka maelezo rasmi ya ulinganifu, alama zikarudi. Tangu hapo siambatanishi cheti cha Diplom, wala kile cha mhandisi cha Wafaransa, bila karatasi ya maelezo. Hicho cha Wafaransa ni miaka miwili ya maandalizi na mitatu ya shule ya uhandisi, mitano jumla baada ya sekondari, na kwao kinabeba daraja la masta. Tume yao ya CTI inavikagua tangu 1934. Lakini mtu wa Dar es Salaam anaona neno diplôme na anawaza stashahada.

ERB nitaipitia haraka. Kwa mhandisi, Bodi inaanzia shahada ya kwanza. Wewe una ya miaka minne ya uhandisi na SEAP umemaliza, njia yako ya kuwa Mhandisi Mtaalamu iko wazi bila masta yoyote. Masta itakuongezea uzito kwenye wasifu na kwenye zabuni, basi. Nasema hivi kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa: mwenye shahada ya fizikia au hisabati asidhani atakwenda kuchukua masta ya uhandisi nje arudi kusajiliwa mhandisi kwa ile masta peke yake. Aende Bodi aulize kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi. Na wale wanaotaja Washington Accord kila saa, ile ya 1989 ni makubaliano ya nchi kutambuliana shahada za kwanza za uhandisi. Kuhusu masta yako haisemi kitu.

Ile ya mwaka mmoja haifungi mlango, ila ujue unachonunua. Krediti 180 za Uingereza ni sawa na 90 za Ulaya, kwa sababu krediti yao moja inahesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi na ya Ulaya ni saa 25 mpaka 30. Kwa hiyo Uingereza unafanya saa 1,800, na Ujerumani kwa krediti 120 hazipungui 3,000. Zote ni masta, hakuna anayeweza kukuambia moja siyo. Tofauti utaiona kwenye tasnifu. Uingereza tasnifu mara nyingi inaangukia miezi ya kiangazi, Juni mpaka Septemba. Ujerumani muhula wa nne kwa kawaida wote ni wake, mara nyingi krediti 30. Anayetaka kuendelea na uzamivu au kufundisha, huo muhula ni mali. Anayetaka kurudi haraka ofisini kusanifu, mwaka mmoja unamtosha kabisa, na nimefanya kazi na vijana wazuri sana waliosoma mwaka mmoja.

---

Mrejea_Wuhan

Mama kamaliza. Naongeza la China kwa sababu vijana wengi wa Dar wanakwenda huko.

Masta ya China ni miaka miwili mpaka mitatu na kuna aina mbili, ya kitaaluma na ya kitaalamu wa kazi. Zote mara nyingi unaandika tasnifu na kuitetea. Lakini sikilizeni hili: China unapewa vyeti viwili. Kimoja ni cha kuhitimu masomo, kingine ni cha kutunukiwa shahada. Mtu anaweza kumaliza masomo akapewa cha kwanza tu kwa sababu tasnifu haikukidhi, akarudi nyumbani akidhani ana masta. Bila kile cha pili shahada huna. Rafiki yangu wa karibu alikwama usaili wa kazi kwa sababu alibeba kimoja na kingine kilikuwa kwenye begi la vitabu nyumbani Tabata. Alikuwa navyo vyote viwili, lakini mwajiri anatazama kilicho mezani.

Uturuki nao kuna masta yenye tasnifu na isiyo na tasnifu, na hiyo isiyo na tasnifu kwao haikupeleki uzamivu. Wale wanaotamani kwenda huko baada ya kuona Waturuki wamejenga SGR, soma barua ya udahili neno kwa neno.

---

Mzee_wa_Dnipro

Wanangu, nimefurahi kuona mnauliza kabla ya kuondoka. Zamani zetu tulikwenda kwanza, maswali yakaja tuliporudi.

Mimi ni wa kizazi cha Usovieti, nilisomea Kiev. Mwaka wa kwanza lugha, halafu mitano ya fani, na mazoezi ya viwandani kila kiangazi. Cheti kilikuwa cha Specialist, na sisi wageni tuliandikiwa kwa Kiingereza Master of Science in Engineering. Tuliporudi wapo waliosema hiyo ni shahada ya kwanza tu kwa kuwa tulitoka kidato cha sita moja kwa moja. Wapo waliosema ni masta. Ubishi huo ulichelewesha vyeo vya watu wazima wenye familia. Leo Urusi wana bachela ya miaka minne na masta ya miwili, lakini Specialist bado ipo kwa baadhi ya fani, kwa hiyo kijana anayepewa ufadhili wa huko aulize ni ipi kati ya hizo.

Na wale wanaokutana na wasifu wa mtu mwenye Kandidat nauk, huyo ni mwenye uzamivu, mheshimuni hivyo. Doktor nauk iko juu yake tena, mtu anaipata akiwa ameshafanya utafiti wa miaka mingi. Wajerumani nao wana Dr.-Ing., ambao ni uzamivu wa uhandisi wa kwao tangu 1899, vyuo vya ufundi vya Prussia viliporuhusiwa kuutoa. Hauna upungufu wowote mbele ya PhD. Nimeona tangazo la kazi limeandika PhD pekee, na mtu wa Dr.-Ing. akaogopa kuomba. Asiogope.

---

Nondo_Kimara

Asanteni sana. Mama, mzee amesoma ujumbe wako wote, nimemsomea mara mbili. Kiwanja hakiuzwi. Mzee wa Dnipro, shikamoo.

Limebaki moja linaninyima usingizi. Wajerumani kwenye barua ya udahili wameandika alama yangu ni 2,1. Mimi nina 3.9! Je, wamenishusha? Na nikirudi na masta yenye 1,8 nani wa hapa atanielewa, wakati matangazo ya uhadhiri msaidizi yanataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 masta?

---

Mama_Vipimo

Hawajakushusha mwanangu. Kwao 1,0 ndiyo ya juu kabisa na 4,0 ndiyo ya chini ya kufaulu. Wanatumia kanuni moja: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako utoe yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwetu ya juu ni 5.0 na ya kufaulu ni 2.0. Wewe: 5.0 kutoa 3.9 ni 1.1. Gawanya kwa 3, zidisha kwa 3, unabaki na 1.1. Ongeza 1 unapata 2,1. Kwao hiyo inaitwa gut, nzuri. Ukiigeuza kanuni hiyo upande wa pili, 1,8 yao inakuwa 4.2 yetu, na ili ufikie 4.0 unatakiwa usizidi 2,0. Hesabu hiyo ni ya kwangu na wewe kujipima. Chuo utakachoomba kazi kina utaratibu wake na kitaangalia barua ya TCU, lakini angalau unajua kule Ujerumani unakimbiza namba gani. Wengi wanakwenda bila kujua, wanaridhika na 2,7 kwa kuwa kwao ni ufaulu halali, wanarudi mlango wa kufundisha umeshafungwa.

Sasa ushauri wangu, maana umeniuliza kwa moyo nami nakujibu kwa moyo. Kama unaweza kupata hizo euro 11,904 bila kuuza ardhi, nenda Ujerumani. Si ada hiyo, ni chakula chako na pango lako mwenyewe, na mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka. Unataka kufundisha, muhula wa tasnifu utakufaa. Kama hela haipatikani, chukua India bila kuona haya hata kidogo. Ufadhili kamili, miaka miwili, mradi wa mwaka mzima: hiyo ni masta imara. Wahandisi wengi unaowapigia simu hapa mjini ukikwama kwenye hesabu za zege iliyovutwa nyaya wamepita India. Uingereza ningeiweka ya tatu kwako wewe, kwa sababu ya nusu ada na kwa sababu lengo lako ni kufundisha. Angekuwa mtu wa ofisini mwenye ufadhili kamili ningeiweka ya kwanza.

---

Zege_Bichi

Mama, hiyo ya India nakubali. Bosi wangu ni M.Tech na sijaona anayemshinda kwenye misingi ya nguzo.

---

Nondo_Kimara

Nimeelewa kabisa. Mjomba wa Mwanza na dada yangu wamesema watachanga ya akaunti, nitarudisha kidogo kidogo. Jumatatu nawajibu Wajerumani. Kuna kitu chochote nifanye kabla ya kuondoka?

---

Mama_Vipimo

Hongera, na Mungu awabariki hao ndugu zako. Kabla ya kuondoka pitia ERB ujue ombi lako la usajili limefika wapi, usiliache likiwa njiani halafu mawasiliano yapotee. Chukua transkripti halisi za Mlimani zaidi ya moja, na acha nakala zilizothibitishwa kwa mzee.

Ukiwa kule, kila muhula pakua kitabu cha maelezo ya masomo cha kozi yako, kile chenye saa, krediti na mada za kila somo, ukihifadhi sehemu mbili. Vyuo hubadilisha kozi, na miaka mitano baadaye ukurasa ule haupo tena. Siku ya kuhitimu usichukue cheti peke yake. Omba na kiambatisho chake cha Kiingereza kinachoeleza ngazi ya tuzo, muda wa masomo na mfumo wa alama. Hicho ndicho nitakachokuomba siku utakapoleta wasifu wako kwangu.